Sauti ya Lango la Heri

Jumamosi soko kuu la Morogoro halina pa kukanyagia. Watu walikuwa wakisukumana kati ya magunia ya karanga na matenga ya nyanya, na Luqmani alikuwa amepiga goti mbele ya meza ya viungo, kamera jichoni, akitafuta picha nzuri ya mdalasini kwa ajili ya tovuti ya mteja wake. Ghafla kiganja chenye hina kikaziba lenzi.

"Nani kakuruhusu?"

Alishusha kamera. Mwenye kiganja alikuwa dada mrefu aliyevaa dera la kijani lililopauka mabegani, na mtandio mweusi ukizunguka uso usio na mzaha.

"Napiga mdalasini, dada, sio wewe."

"Mdalasini ni wangu, na mkono unaoonekana hapo ni wangu. Futa."

Alifuta moja baada ya nyingine, huku akimwonyesha kioo cha kamera.

"Imebaki moja," dada akasema.

"Hii umecheka. Naona huruma kuifuta."

"Sijacheka."

"Basi aliyecheka ni mdalasini."

Safari hii alicheka kweli, akageuka upesi kumpimia mteja iliki. Luqmani akanunua karafuu asizozihitaji ili apate kuuliza jina. Aliitwa Nasra, mzaliwa wa Kinole, kule juu Uluguru, na viungo vyote pale mezani vilitoka shambani kwa mjomba wake. Namba ya simu alimpa wiki iliyofuata, baada ya Luqmani kurudi kununua karafuu kwa mara ya tatu.

"Hizo karafuu unazifanyia nini?" Nasra alimuuliza kwenye simu.

"Zimejaa chumbani. Mtaa mzima wa Mafiga wanadhani nimefungua duka la udi."

"Na umekula?"

"Nimeinamia kompyuta tangu asubuhi."

"Kula, Luqmani. Sitaki kupendwa na mtu wa kuanguka anguka."

"Kumbe unapendwa?"

"Nimesema kula."

Luqmani hakuwa ameajiriwa na mtu. Alifanya kazi chumbani kwake, leo tovuti ya nyumba ya wageni, kesho video ya harusi, keshokutwa tangazo la katuni la mashine ya kusaga. Aliipenda kazi yake, na Nasra alipenda kumsikiliza akiieleza, maana sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, ya mtu ambaye hajawahi kumkaripia yeyote. Mara nyingine Nasra alihisi kama aliwahi kuisikia mahali, akajiambia kwamba ndivyo mapenzi yanavyomfanya mtu.

Jioni moja, wakila chipsi kwenye kibanda cha Mwembesongo, alimweleza habari za Mwajuma.

"Alikuwa mdogo wangu, wa pekee. Alipelekwa Uarabuni kufanya kazi za ndani. Ilikuwa bado kidogo atimize mwaka, tukaletewa sanduku. Karatasi zilisema ameanguka ghorofani."

Luqmani aliacha kula. "Pole, mpenzi."

"Tuliambiwa tusifungue. Mjomba akasema hazikwi mtoto wa dada yake bila kuoshwa. Akafungua, akaingia na waoshaji, akatoka. Mpaka leo hajaniambia alichokiona, na mimi sijamuuliza."

Hakutaja jina la wakala aliyempeleka, na Luqmani hakuuliza. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka chipsi zikapoa.

Mapenzi yalipokomaa, habari zikafika Kinole. Mjomba Ahmadi ndiye aliyewalea Nasra na Mwajuma tangu mama yao afariki, na kwa Waluguru neno la mjomba katika ndoa ni zito.

"Anauliza unafanya kazi gani," Nasra alisema kwenye simu, sauti ikichezacheza. "Nikamwambia unatengeneza tovuti. Akaniuliza, kwani huwa zinaharibika?"

Luqmani alicheka mpaka akakohoa. "Nakutumia kiungo cha tovuti yangu mwenyewe. Kazi zangu zote za nyuma ziko humo. Mwonyeshe, aone kwamba mkwe wake sio mhuni."

Asubuhi yake Nasra alikaa nyuma ya meza yake sokoni, akaifungua. Alipita picha za nyumba ya wageni, akapita kwaya na shule ya awali, akitabasamu kwa fahari. Kisha akaona geti lililochorwa kwa rangi ya dhahabu, na chini yake maneno: Lango la Heri. Tumewawezesha mabinti wengi wa Morogoro kufikia ndoto zao nje ya nchi.

Kidole chake kiligusa video kabla hajajiuliza anafanya nini.

"Dada yangu," sauti ikasema, nzito na tulivu, "maisha yako yanakungoja."

Mwajuma alikuwa akiisikiliza video hiyo kila siku, amelala kifudifudi kitandani na simu puani, akiyarudia maneno yale mpaka Nasra akawa anamfukuza chumbani. Sasa aliisikia tena, na kila silabi ilikuwa ya Luqmani. Mteja aliyekuwa akiuliza bei ya pilipili manga alimwona anakaa chini sakafuni, akadhani amepatwa na kizunguzungu.

Luqmani alipiga simu mchana ikakatwa. Akapiga jioni, ikakatwa. Kesho yake akaenda sokoni amevaa shati jeupe alilonyoosha vizuri, akidhani labda Mjomba amekataa.

"Ulilipwa nini kwa ajili ya Mwajuma?" Nasra akamuuliza bila kuinua macho.

"Sijakuelewa."

"Wewe na yule wakala, Sufiani. Umeandika mwenyewe. Tumewawezesha. Umeandika 'tume', sio 'wame'."

"Nasra, yale ni maneno ya biashara. Kila kazi ninaandika hivyo. Sufiani alikuwa mteja. Alikuja na maneno yake, nikayasoma, nikaweka muziki."

"Ulimuuliza mabinti hao wanafikia kwa nani?"

Luqmani akashika ukingo wa meza.

"Yule msichana wa kwenye video, aliyebeba mtoto anacheka, ulimtoa wapi?"

"Ni picha za kupakua mtandaoni," alisema kwa shida. "Simjui."

"Mdogo wangu alitaka kuwa yule," Nasra akasema. "Ondoka mbele ya meza yangu."

Aliondoka. Chumbani kwake Mafiga alifungua tovuti ya Lango la Heri, aliyoamini ilikufa zamani. Ilikuwa hai. Sauti yake ilikuwa bado ikiita. Namba ya simu ilikuwa imebadilishwa, ofisi sasa ilikuwa Ngerengere, na tangazo jipya lilisema kundi linalofuata linasafiri mwishoni mwa mwezi. Nywila za kuingilia, zile alizotengeneza mwenyewe wakati wa ujenzi, hakuna aliyezibadilisha. Alijaribu moja, mlango ukafunguka. Aliweza kuizima papo hapo. Lakini Sufiani angeiwasha kwingine kabla ya jua kuzama, na wale mabinti wasingejua ilizimwa kwa nini.

Kabla ya adhuhuri alirudi sokoni. Hakuvaa shati jeupe, na macho yalikuwa yamevimba.

"Sijaja kukuomba unisamehe," alisema. "Tovuti ya Sufiani bado inafanya kazi, Nasra. Kuna wengine wanaondoka. Nataka kuitoa sauti yangu niweke ya kwako."

Mikono ya Nasra iliendelea kufunga vifurushi vya iliki, kisha ikaacha. Akafunika meza kwa turubai.

"Sio ya kwangu," alisema. "Twende Kinole."

Walipanda mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na nguo zao zilikuwa zimelowa walipofika kwa Mjomba Ahmadi. Mzee alikuwa uani akianika karafuu, kanzu ameikunja mpaka magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akasikiliza shida yao amesimama. Nasra alisema, na pale alipoishia Luqmani akamalizia mwenyewe: sauti ile ni yangu, mjomba, mimi ndiye niliyemwita.

Mzee alimwangalia kama mtu anayeangalia nyoka ndani ya nyumba, asijue ampige au amwache apite. Hatimaye akavuta kiti.

"Washa hiyo mashine yako."

Alizungumza akitazama lenzi moja kwa moja. Alitaja jina la mtoto, jina la ukoo, na siku aliyomsindikiza barabarani. Kisha akasema kile alichokifungia kifuani.

"Alikuwa na alama za pasi. Mikononi, na mgongoni. Pasi ya kunyooshea nguo. Nyingine zilikuwa zimeshapona, nyingine mbichi. Mtu akianguka ghorofani hapati alama za pasi."

Nasra alitoa sauti ndogo, akajifunika uso kwa mtandio. Luqmani hakuigusa kamera. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na aliyaacha, maana mzee alikuwa bado anasema.

Kesho yake, aliyefungua Lango la Heri alikutana na Mjomba Ahmadi. Video ikatoka humo ikaingia kwenye simu za watu, kundi hadi kundi, na mama mmoja wa Ngerengere akaenda kumtoa binti yake kwenye nyumba waliyokusanyiwa. Wengine wawili wakatoka kwa miguu yao. Waliobaki, Sufiani aliwasafirisha haraka kabla ya siku iliyotangazwa. Hakuna aliyewawahi.

Kisha Sufiani akaenda polisi, amevaa suti, akamshtaki Luqmani kwa kuingilia mfumo usio wake. Askari walikuja Mafiga saa nne asubuhi, wakachukua kompyuta na diski zote. Kazi zake za miaka yote, harusi za watu, kwaya, katuni, zilitolewa mlangoni ndani ya boksi la sabuni, na yeye akatolewa nyuma yake. Wateja wawili wakamtumia ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine.

Siku ya tatu Nasra alifika kituoni na Mjomba Ahmadi, mzee amevaa koti juu ya kanzu, na barua ya mwenyekiti wa kijiji mkononi. Nasra alijua wamekuja kumdhamini. Kingine hakuambiwa.

Askari wa kike aliyekuwa kaunta akaipokea barua. "Uhusiano wako na mtuhumiwa, mzee?"

Mjomba Ahmadi alisogea karibu na kaunta.

"Andika ni mkwe wangu," alisema. "Amemchumbia binti yangu."

Kalamu ikaandika. Nasra aligeuka kumtazama mjomba wake, lakini mzee alikuwa ameinamia karatasi, akitafuta pa kuweka sahihi.

Luqmani alitoka akiwa na viatu visivyo na kamba, shati limechafuka kolani, mdomo umepasuka pembeni. Aliambiwa arudi kuripoti Jumatatu, na kwamba kesi itapelekwa mahakamani. Kuhusu Sufiani, aliambiwa tu kwamba malalamiko ya familia ya Mwajuma yamepokelewa.

Nje jua lilikuwa kali. Mjomba Ahmadi akatangulia kuvuka barabara, akawaacha nyuma.

"Nimesikia alichosema pale ndani," Luqmani akasema taratibu.

"Hata mimi nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Nasra alinyoosha kola ya shati la Luqmani, kisha akaiacha.

"Nikikusikia ukiongea bado namwona Mwajuma kitandani na simu yake. Sijui itaisha lini, Luqmani. Pengine haiishi."

"Najua."

"Kesi ikiisha, njoo uniulize vizuri, kwa mjomba, na watu wako."

"Na nikifungwa?"

"Nitakuja huko gerezani," Nasra alisema, "uniulize hukohuko."

Akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakavuka barabara kumfuata mzee.