Shamba Lililoandikwa Pori

"Kilian, umeandika nini hapa?"

Ottilia aliishika ramani kwa mikono miwili.

"Nimeandika nilichokiona. Pori."

"Shamba la bibi yangu ndiyo pori?"

"Otti, majani yamefika kifuani!"

"Limepumzishwa! Ninyi watu wa ziwani mnajua kuanika dagaa tu."

Kilian alitoka Chiwanda, kando ya ziwa. Mwaka huo wa 1996 alikuwa mpima ardhi wa kampuni iliyotaka kujenga mji wa gofu kule Litumbandyosi. Posa yake kwa Ottilia ilikuwa imeshapokelewa.

"Sahihisha, la sivyo posa irudi kwenu."

"Nitafukuzwa kazi."

Ottilia akaondoka bila kuaga.

Kesho yake kijiji kizima kilikutana mlimani, kwenye shamba hilo. Bwana Othmar, meneja wa kampuni, akainua ramani.

"Ndugu zangu, pori hili litakuwa uwanja wa vishimo kumi na nane!"

Ottilia hakuwahi kusema mbele ya watu. Alichukua mundu, akainama, akafyeka. Chini ya majani yakatokea mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo, safu kwa safu, na matuta yake yakiwa imara.

"Shikamoo, meneja," alisema akihema. "Wewe unataka kumi na nane. Bibi yangu Kunigunda amechimba zaidi ya mia nne. Pori linajichimba lenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Othmar akamgeukia Kilian.

"Mpima, waambie!"

Kilian akashuka kwenye shimo, akapiga magoti, akapapasa tuta.

"Nilikosea, bosi. Hili ni shamba."

"Ukifuta hiyo ramani, kazi huna!"

"Basi sina."

Akaichukua ramani, akalifuta neno "pori" kwa wino.

Mji wa gofu ulijengwa hatimaye, ila ng'ambo ya mto, kwenye shamba la kahawa lililoachwa na walowezi. Mlima ukabaki na wenyewe.

Jioni ya siku ile ya mkutano, Kilian alifika kwa kina Ottilia na begi.

"Nimekuja kuaga. Sina kazi, Otti."

"Nani kasema? Kesho asubuhi njoo na jembe."

"Na anawe wino kwanza!" Bibi Kunigunda akapaza sauti kutoka jikoni. "Ugali uko tayari."

Walifunga ndoa baada ya kuvuna maharage. Padre akafungua kitabu.

"Kazi ya bwana harusi?"

"Mkulima, padre."

"Bado anajifunza!" Bibi akadakia kutoka benchi la mbele.

Kanisa likacheka. Ottilia akaishika mikono ya Kilian yenye malengelenge, akainua uso, na zamu yake ya kiapo ilipofika akajibu "Ndiyo" kwa sauti iliyosikika mpaka nje.