Mkopo Uliokwisha Kimyakimya

"Jina hili, dada, halijawahi kukopa hata senti. Kwetu ni kama mtu aliyezaliwa jana."

Afisa mikopo aligeuza kompyuta ili fundi cherehani ajionee mwenyewe. Baada ya talaka, fundi alikuwa amerudia jina la baba yake kwenye kitambulisho na kwenye akaunti, lakini idara ya mikopo hakuiarifu. Sifa yake yote ya kulipa kwa wakati ilibaki kwenye jina la mume.

"Basi nihamishieni. Nataka mkopo wa kodi, mwenye chumba cha duka ananingoja leo."

"Tutahamisha mkifunga mkopo wenu wa pamoja. Mtie saini wote wawili."

"Ule si bado haujaisha?"

Afisa alimtazama kwa mshangao wa upole.

"Umeisha, dada. Tangu mwaka jana. Ujumbe tulituma kwenye namba ya aliyekuwa mumeo."

Fundi alitoa simu, akausoma ujumbe waliotumiana na aliyekuwa mumewe mwezi uliopita kana kwamba hajawahi kuuona.

"Marejesho yamefika wapi?"

"Bado kidogo, Fundi. Vumilia. Nipigie jioni nikueleze."

Akampigia palepale.

"Njoo benki."

"Kuna nini?"

"Wewe njoo."

Dereva wa lori aliingia na vumbi la safari begani. Alipomwona afisa mikopo amekaa mbele ya mtalaka wake, alipunguza mwendo, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Mkopo uliisha mwaka jana?"

"Uliisha."

"Na kila mwezi nauliza, unanijibu bado."

"Kila mwezi ulikuwa unanipigia." Aliitazama mikono yake. "Ungejua umeisha, ungenipigia kwa lipi?"

Afisa akajifanya anatafuta kalamu.

"Vyumba viwili vimenipita nikingoja deni liishe, kwa hiyo 'bado' yako. Nashonea barazani kwa mama. Mvua ikinyesha nakumbatia cherehani kama mgonjwa."

"Sikujua unatafuta duka."

"Hukuuliza. Uliuliza nimekula nini, nimelalaje, yule paka wa jirani kazaa wangapi."

"Na ulikuwa unanijibu, Fundi. Mpaka simu inapata moto."

Hapo fundi akainamisha uso. Ni kweli alikuwa akijibu. Mwisho wa mwezi ulipokaribia alikuwa akimaliza kazi mapema, akikaa na simu mapajani, akijidai moyoni kwamba anangoja habari za deni.

"Sikatai, nilikuwa nakupenda," alisema. "Lakini mkopo ule ulimchukulia kaka yako, ukaniletea karatasi nisaini, ukasema ni matengenezo ya lori. Nikaondoka kwa uongo ule. Kumbe na simu nilizokuwa nikizitamani zilikuwa zinaishi kwa uongo mwingine."

Dereva aliuliza tu pa kutia saini.

"Dada, wewe utasaini mara mbili," afisa akasema taratibu. "Jina la zamani la kufungia, jipya la kuhamishia. Ukimaliza, ombi lako linapita."

Saini ya zamani ilitiririka yenyewe. Ile mpya aliiandika polepole, herufi baada ya herufi, na dereva akaitazama mpaka mwisho kama anayesindikiza msafiri.

Nje, penye ngazi, dereva alimwita.

"Nikipiga bila sababu yoyote, utapokea?"

"Kaka yako alipokuomba umkopee, ungenipigia ukaniambia kweli, leo tungekuwa tunarudi nyumba moja."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo. Endesha salama."

Fundi aligeuka kabla dereva hajamwona akilia, akapita maduka yote kwa machozi, mpaka kwenye chumba kitupu ambako mwenye chumba alikuwa ameshika funguo mlangoni.

"Mbona macho mekundu, binti yangu?"

"Nimetoka benki."

"Ah, benki imeliza wengi. Wamekunyima?"

"Hapana, baba. Wamenipa kila nilichoomba."