Kikapu Kikijaa, Cherehani Zinyamaze

Ndugu zangu, nani kati yetu hajawahi kuambiwa na fundi, "Njoo kesho"? Basi sikieni habari ya nyumba moja ya hapa hapa Lushoto, nyumba ya watu wema, na jinsi neno hilo dogo lilivyokaribia kuiaibisha moja kwa moja.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa tulivu. Ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Tobia na fundi mwenzake Hashimu walitoa cherehani barazani. Elinuru, mke wa Tobia, aliketi mkekani na kikapu chake cha mianzi ubavuni. Wanaume walikata na kushona; yeye alimalizia kwa mkono matundu ya vifungo, vifungo na upindo. Hakuna vazi lililotoka pale bila kupita mapajani pake. Ndani, mama mkwe wake, Bibi Eliaichi, alisikiliza mlio wa cherehani kama mtu asikilizaye redio.

Mvua za vuli zilipoanza, Bibi alimpa mwanawe kitambaa cha buluu. "Nishonee gauni la Krismasi. Nataka nilivae kanisani nikiwa bado nasimama mwenyewe."

"Kesho tu, mama," Tobia akajibu.

Tobia hakuwa na moyo wa uongo. Ila kukataa hakukujua. Alikuja mama wa bibi harusi, akapokewa. Walikuja wazazi wenye sare za shule, wakapokewa. Akaja Mwalimu Imelda, kiongozi wa kwaya, na jora zima la zambarau, naye akapokewa. Kila kazi mpya iliwekwa juu ya gauni la Bibi, maana mama ni mama, atavumilia.

Kazi zilipochelewa, Tobia alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: alileta cherehani nyingine, pamoja na fundi kutoka Muheza, Yusuph. Baraza likalia kama mvua juu ya bati. Wapita njia wakasifu. Elinuru peke yake ndiye aliyeona kwamba kadiri cherehani zilivyokimbia, ndivyo kikapu chake kilivyofurika. Nguo zilimwagika mkekani, zikahamia chumbani, hadi mume na mke wakalala wamebanwa ukutani. Vidole vyake vikavimba. Nguo iliyotakiwa leo ilikuwa chini ya ile ya mwezi ujao.

Kwaya iliitwa kuimba katika usharika wa jirani kabla ya Krismasi, na sare hazikuwa na vifungo. "Tuwabane kwa pini," Tobia alisema. "Kwa mbali hazionekani."

Hazikuonekana kweli. Lakini katikati ya wimbo mzee Rubeni wa besi alivuta pumzi, pini ikamchoma, akatoa sauti ambayo haikuwa besi wala haikuwa ya wimbo ule. Watoto walicheka hadi mchungaji naye akacheka.

Mwalimu Imelda hakucheka. Kesho yake alisimama barazani. "Fundi, hiyo kesho yako ni ya kalenda gani? Nguo za Pasaka tutapeleka kwingine."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Bibi, bila hasira. "Usimlaumu sana, Mwalimu. Hata mimi niliyemzaa nangoja."

Maneno hayo yalimchoma Elinuru kuliko pini. Mgeni alipoondoka, aliinuka akasimama katikati ya cherehani. "Acheni kukanyaga," alisema taratibu.

"Kazi imejaa, nawe unatusimamisha?" Tobia aliuliza.

"Imejaa wapi, mume wangu? Kwenye cherehani au kwangu?" Akaonyesha rundo. "Uliniletea cherehani. Ungeniletea vidole."

Hashimu akacheka, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe. "Shemeji, sindano ya mkono mimi naijua. Ila hakuna aliyeniomba."

"Mfereji wa shambani kwetu unabanwa pale penye jiwe," Elinuru akaendelea. "Ukiongeza maji huku juu, yatamwagika njiani tu. Hapa jiwe ni mimi."

Tobia akavuta kigoda karibu na mkeka, akaomba sindano.

Tangu siku ile kikapu kikijaa, cherehani hunyamaza, na kila mmoja hushika sindano mpaka kishuke. Nguo ya karibu hukaa juu. Mteja mpya akija, Tobia hutazama kikapu kabla ya kufungua kinywa. Mara ya kwanza aliposema, "Siwezi kabla ya mwezi wa pili," alitokwa jasho. Mteja akasema tu, "Afadhali umeniambia," akaacha kitambaa chake. Mwalimu Imelda naye alirudi, ingawa si Pasaka ile.

Gauni la buluu lilimalizwa na mikono ya wote wanne. Bibi alilijaribu mbele ya kioo, akajigeuza. "Kumbe na mimi ni mteja," akasema, na Tobia akainama kuokota sindano ambayo haikuanguka. Krismasi ile Bibi alisimama mwenyewe, wimbo wote, hadi ubeti wa mwisho.

Alilivaa kila sikukuu, miaka yote aliyojaliwa. Ndilo alilovaa tulipomlaza kaburini, na vifungo vyake vyote vilikuwa imara.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kazi haiendi kasi kuliko mkono unaoimalizia. Kabla hujaongeza chombo, tafuta mahali kazi inapokwama, upeleke msaada hapo. Pokea unachoweza kutimiza, na usiyeweza kumhudumia mwambie mapema. Ukweli haumfukuzi mteja kama ahadi ya uongo. Na wale wanaotuvumilia kwa sababu wanatupenda, tusiwaweke chini ya rundo. Nao wana siku yao, na siku hiyo haisogezwi mbele.