Mipaka Minne na Mto Mmoja

"Langilangi, hapa Mwamba. Unanipata?"

"Nakupata, Fazul. Sema upesi."

"Mgeni wako anayo orodha ya watu wetu. Kumi na mmoja. Jumatano anapanda meli ya Kireno hapo Mahajanga. Wajerumani wanamsubiri mbele ya safari."

"Ameisoma?"

"Imetiwa lakiri. Yeye mchukuzi tu. Aliyeiandika tunaye huku Mombasa, ametapika yote."

Hasnati akaisogelea redio. "Na mimi nimo?"

"Wewe humo. Echata yumo. Wa nane."

Echata. Mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Mwoka mikate wa Mahajanga, mwenye redio chini ya tanuri.

"Mnyang'anye orodha. Lakini bila risasi. Polisi wakiokota maiti ya mzungu watawakamata hata wauza ndizi."

"Bila risasi, kwa kitu gani sasa? Kwa dua?"

"Wewe ndiye unayempangia safari, dada. Zima."

Akazima. Akaisukuma redio ndani ya pipa la shaba lililotoboka, ambamo zamani yalitoneshwa manukato ya maua ya langilangi, akafunika kwa magunia. Ilikuwa Agosti 1942. Waingereza walikwisha kuitwaa bandari ya Diego Suarez, kaskazini. Huku kisiwani Nosy Be, na Mahajanga ng'ambo, bado walitawala Wafaransa walioinamia Ujerumani. Hasnati alikuwa na mwaka wa tatu katika kazi hii ya kuwapelelezea Waingereza. Alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Na nyumbani mwanawe alikuwa anaota meno.

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, alikuwa mezani kwake mjini Hell-Ville, papo Nosy Be, katika ofisi ya vibali vya safari, mbele ya mashine yake ya taipu, Japy.

Mgeni akaingia na vumbi lake.

Rochat, Mswisi. Mrefu, mcheshi, buti za ngozi. Nje ilisimama pikipiki yake, Motosacoche, injini bado inapumua moto. Mji mzima ulikwisha kumpenda. Alisema atakuwa mtu wa kwanza kutoka Nosy Be hadi Luanda kwa pikipiki.

"Madmazeli Hasnati! Tumefika wapi?"

"Mpaka wa tatu, bwana."

Akatandaza ramani. Mipaka minne. Msumbiji kwa Mreno. Rodesia kwa Mwingereza. Kongo kwa Mbelgiji. Angola, kwa Mreno tena. Kila mmoja na muhuri wake, kila mmoja na kiburi chake.

"Mwingereza atanikubali wakati huu wa vita?"

"Kwa barua hii ya konseli wenu, ndiyo. Usimwoneshe ramani. Mwoneshe barua."

"Mbelgiji?"

"Cheti cha chanjo, nakala tatu. Mbili zitapotea ofisini kwao."

Rochat alicheka. Kisha akauliza habari za petroli. Akauliza habari za daraja. Akauliza kama Mreno hufunga ofisi mchana. Alikuwa mtu makini, anauliza kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nitaondoka Jumapili," akasema.

"Tishali la kuvukia bara, la Antsahampano, halichukui pikipiki Jumapili. Jumatatu alfajiri. Ulale Antsohihy. Siku ya pili, saa tatu, uko mtoni, upande wa pili Mahajanga inakuita."

"Kuna kivuko?"

"Pantoni ya kuvutwa kwa kamba."

"Inafanya kazi?"

"Tangu enzi za babu za wavushaji."

Hakusema uongo. Akapiga taipu: Jumanne, saa tatu, mto.

"Sasa vifaa vya pikipiki," akasema. "Forodha ya Mreno inataka kila kitu."

"Spana sita. Plagi mbili. Pampu moja."

Hasnati akatazama dirishani. Kwenye fremu ya Motosacoche zilifungwa pampu mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu imechubuka kwa kutumiwa. Ya chini inang'aa kama haijawahi kuona tairi.

"Pampu moja, bwana?"

"Moja."

Akapiga: moja.

Jumamosi aliomba ruhusa ya msiba. Mtoto akamwachia mama yake, akavuka bahari, akapanda lori la mpunga, Berliet bovu la dereva Youssoufa lililokuwa likienda Mahajanga. Siku mbili za mashimo. Mgongo ulimuuma mpaka akausahau.

Jumanne asubuhi alikuwa ameketi ukingoni mwa mto, kati ya wanawake wanaouza mihogo. Leso kichwani, nyingine kiunoni. Uso mzima umepakwa liwa, rojo la manjano la msandali, kama wao.

Youssoufa alikuwa anakoroma chini ya lori. Wavushaji nao walikuwa wamejinyoosha kivulini. Jao, mkuu wao, alikuwa anachochea moto chini ya sufuria.

Injini.

Saa tatu na dakika nne. Mswisi kweli.

"Nivusheni!" Rochat alipiga kelele kwa Kimalagasi chake cha kuazima.

Jao hakuinua kichwa. "Kesho."

"Nina kibali cha gavana!"

"Kisalimie. Leo Jumanne. Jumanne hatushiki kamba ya kivuko hiki. Ni mwiko wa wazee wetu, mto unakasirika."

"Nina viza ya Mbelgiji!"

"Mbelgiji naye avuke kesho."

Wanawake waliangua kicheko. Rochat alitoa karatasi za Hasnati, akazisoma mara mbili, jasho likidondokea mihuri. Mipaka minne aliiuliza. Siku hakuiuliza.

Akachomoa bastola, Browning.

Kicheko kikakatika.

"Nitavuka mwenyewe. Rudini nyuma!"

Akaisukuma Motosacoche kwenye ubao wa pantoni. Nzito. Ikateleza. Akajaribu tena, bastola mkononi, buti topeni.

"Wewe, mwanamke! Sukuma huku nyuma!"

Hasnati akasimama taratibu. Akashika fremu, akasukuma kwa bega. Mkono wa kushoto ukaenda chini. Kamba moja ya pampu ikafunguka. Ya pili. Pampu ya chini ikaingia ndani ya leso ya kiunoni.

Rochat hakugeuka hata kumtazama usoni.

Akafungua pantoni, akavuta. Hakujua kuwa kamba ya upande mto unakotoka ndiyo hushikwa kwanza. Maji yakaigeuza pantoni kama sinia, yakaipeleka mpaka fungu la mchanga katikati ya mto. Ikakwama. Motosacoche ikalala ubavu.

"Nisaidieni!"

"Kesho, bwana!" Jao akajibu. "Usishuke tu. Kuna mamba."

Hasnati alifungua pampu kwa meno. Karatasi, lakiri nyekundu. Akaivunja. Jina la nane, Echata, lilikuwapo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Akaisukuma karatasi motoni, chini ya sufuria. Iliwaka kidogo tu.

"Barua ya nani hiyo?" Jao akauliza.

"Ya mtu aliyekosea anwani."

Jumatano wavushaji walimtoa Rochat, ameloa na kununa. Wakati huo meli ilikuwa inang'oa nanga. Alipokagua fremu akawa mweupe kama chokaa. Lakini angemshitakia nani, na aseme ameibiwa nini?

Alhamisi jioni Hasnati aliingia katika duka la mikate, Mahajanga. Echata alikuwa na unga hadi viwikoni.

"Ee! Dada mkubwa anakuja mikono mitupu? Na huo uso, umelala wapi?"

"Njiani."

"Una nini wewe? Mbona wanitazama hivyo?"

"Nakutazama tu."

"Basi keti, nikupashie maharage."

"Siketi. Nikiketi sisimami. Youssoufa anapakia chumvi, tunarudi kaskazini."

Echata akabetua midomo, akamtupia mkate wa moto. Hasnati akaudaka, akamega, akatoka nje akitafuna, wala hakugeuka nyuma.