Sefu Isiyopitisha Moshi

Jua lilikuwa linazama, nimeshafunga karakana, njaa inaniuma. Simu ikalia. Mama Ladan.

"Buya, njoo na vifaa. Sefu imegoma."

"Kesho asubuhi, mama."

"Njoo sasa." Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala.

Ningekataa. Lakini uliza hapa Garsen mpaka Idsowe, nani fundi wa sefu? Ni mimi. Shule niliiacha darasa la saba, walimu wakanicheka. Leo wao hao wananibembeleza niwatilie vitasa. Sasa sefu niliyoifunga mimi ikigoma, si jina langu ndilo limegoma?

Nikabeba sanduku langu la bati la vifaa, nikaenda.

Mama Ladan ni Msomali, ana duka la nguo. Sefu aliinunua baada ya wezi kuingia kwa jirani, maana bintiye anaolewa Ijumaa, na dhahabu yote ya harusi iko nyumbani, hata mkufu wa marehemu bibi. Siku naifunga kwenye sakafu nilijitapa, nikaupiga mlango wa sefu kofi, nikamwonyesha mama mpira uliozunguka ukingo.

"Hapa moto haupiti. Mafuriko ya Tana hayapiti. Hata moshi haupiti!"

"Hata moshi?"

"Hata wa unsi wako, mama."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Unsi ni ule ubani wao. Kila magharibi anautia kwenye makaa, anauzungusha nyumba nzima, chini ya vitanda, ndani ya makabati, kila pembe. Kisichotakiwa kitoke.

Nilimkuta mlangoni, chetezo mkononi, macho mekundu. Ndani, Ladan alikuwa ameketi chini, kichwa ameegemeza kwenye sefu.

"Bibi harusi, umechoka kabla ya ndoa?"

Hakuna aliyecheka. Utani wangu ule, Garsen nzima wangeanguka!

"Anashinda hapo," mama yake akanong'ona. "Hali chakula. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Sote tumechoka, Buya... tangu uilete hiyo."

Ladan akasogea pembeni, taratibu kama mgonjwa. "Kaka, usiigonge. Yuko macho."

Nikapiga magoti, sanduku langu wazi nyuma yangu. Uchovu ukanishukia hapo hapo, kama nimelima mfereji kutwa. Nikapiga mwayo. Nikatia ufunguo. Ukazunguka vizuri tu. Nikashusha mkono wa mlango...

Ukapanda.

Nikaushusha tena. Ukapanda, polepole, mkononi mwangu.

Haikugoma.

Ilikuwa imeshikwa. Kwa ndani.

Harufu ikanijia, tope la mto lililokaa gizani. Kisha sauti, nyuma ya chuma, kavu, kama ya msafiri aliyefika akiwa hoi.

"Moshi... umeisha?"

Nikauachia mkono wa mlango. Wewe ungeendelea kuushika?

Mama Ladan akashika ukuta. "Subhanallah. Kila pembe nimeifukiza, Buya. Kila pembe... isipokuwa humo."

"Mama, tuondoke," nikamwambia.

"Na mwanangu? Fungua!"

"Usifungue," ikasema sauti. "Nimechoka, Buya."

Jina langu. Nani aliipa jina langu?

Nikakanyaga ukuta kwa mguu, nikavuta kwa nguvu zote. Ukavutwa kwa ndani. Nikavuta. Kitu kikaachia. Mlango ukafunguka, nikaanguka chali.

Dhahabu ilikuwepo yote, imelowa jasho. Mama Ladan akasukuma chetezo ndani kwa mikono miwili, moshi ukajaa, akisoma dua kwa sauti inayokatika. Kitu kikapita karibu na goti langu. Sikukiona. Niliona moshi ukipinda.

Nyuma yangu... klak.

Ladan akajinyoosha, akasimama. "Mama, nina njaa."

Mama yake akamkumbatia akalia. Mimi nikafunga sanduku langu nikaondoka... Hapana. Nilikuta limeshafungwa. Nikadhani mama ndiye aliyenisaidia. Njiani likawa zito, nikalihamisha mkono huu, mkono ule, ndipo nikakumbuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye chetezo. Na Ladan alikuwa upande wa pili.

Harusi ilifana. Bibi harusi alicheza mpaka akavunja kisigino cha kiatu. Nilialikwa, nikasinzia kwenye pilau.

Sanduku liko pembeni mwa chumba changu. Sijalifungua. Spana naazima kwa Swaleh, karakana ya pili, na ananicheka: fundi mkubwa hana hata bisibisi! Acha acheke. Kila magharibi jirani zangu wakianza kufukiza na moshi kunukia dirishani, kifuniko cha bati hujikaza, kikalia kidogo.

Nimenunua unsi. Uko mezani, makaa yapo. Nikiwasha, kitatoka sandukuni, hilo najua. Lakini chumba changu hakina kabati wala sefu. Kitakimbilia wapi? Humu ndani tumo wawili tu.

Na mimi nimechoka, jamani. Siku hizi napiga miayo ovyo, mdomo wazi.