Heri Anangoja Mashine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Djamila alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamwosha uso mdogo wake, Heri. Asubuhi hiyo aliukuta uso wa mtoto umejaa vipele vyenye usaha, na mwili unachemka kwa homa.

"Usimuoshe!" baba yao, Bulaimu, alimfokea. "Mushimiwa alisema nini ku mukutano? Mashini inakuja hapa Kabambare, ya kusoma vidudu vya magonjwa. Ukimuosha, ukimupatia dawa, itasoma nini?"

Jamani! Mheshimiwa mbunge alisimama sokoni, akaahidi mashine, akapigiwa makofi, akarudi zake Kinshasa. Tangu hapo watu walikuwa wanangoja, na njia yenyewe hata pikipiki zinakwama kwenye matope. Sasa na Heri naye angoje, na vipele vyake!

Djamila alikwenda shule lakini hakusikia somo hata moja. Aliporudi, midomo ya Heri ilikuwa imekauka na maji alikuwa anayakataa. Djamila alishikwa na hofu, kisha hasira.

"Baba, mi naenda kuita Mama Léocadie. Utanichapa kisha."

Mama Léocadie, muuguzi wa kituo cha afya, alifika akihema.

"Baba Heri, ile mashini hata ingekuwa hapa, haiponyeshe mutu! Inasoma kidudu tu, wakubwa wajue kinatoka wapi na kinaenda wapi. Mutoto anakauka, weye unamutunzia mashini vipele?"

Alivaa glavu, akachukua gamba dogo la kipele, akalitia kwenye kichupa. "Ya mashini ndiyo hii. Mutoto ni wetu."

Akamnywesha Heri maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, akampa dawa ya homa, akamsafisha. Aliagiza mtoto alale peke yake, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni.

Kichupa kilikwenda kwa pikipiki hadi Kasongo, na kutoka huko mbali zaidi, hadi kwenye mji wenye mashine kama ile. Jibu liliporudi, Heri alikuwa amepona, anakimbiza mpira uwanjani.

"Mashini inasema nini?" Bulaimu aliuliza kwa aibu.

"Inasema mutoto wako ni mugonjwa wa mpox," alijibu Mama Léocadie, akimtazama Heri akifunga bao. "Mashini tutaidai, baba, maana mushimiwa aliahidi. Lakini mutoto akigonjwa, umulete siku ileile. Djamila hakungoja mutu."