Sala Iliyojibiwa Chemchemini

Simu ilikuwa imezimwa, nayo ilikuwa ikisali.

Dorkasi aliacha kupeta maharage. Ukungu wa Mbulumbulu ulikuwa bado umelala mlangoni, na mumewe alikwisha kwenda shambani. Juu ya kabati sauti yake mwenyewe ililia kama Hana hekaluni: "Bwana, wa kwanza nilimpoteza. Nipe mwingine." Sauti nyingine, nzito, kana kwamba koo lake limejaa maji, ikajibu: "Nimekupa. Akizaliwa ni wangu."

Nyumba ikanuka tope. Tumbo la Dorkasi, lenye mimba iliyokaribia kukomaa, likapoa kama jiwe la mtoni.

Sala ile aliisali mara moja tu, kwenye chemchemi ya bondeni. Wazee wa Kiiraqw humkataza mwanamke aliyeharibikiwa na mimba kukaribia maji kabla ya kutakaswa, kwa maana pepo wa chemchemi hunusa uchungu mbichi. Wifi yake, Valeria, ndiye aliyemshawishi: "Hayo ni ya kizamani, wifi. Mungu yuko kila mahali." Naye peke yake ndiye aliyekuwapo.

Alipoitwa, Valeria alikuja akitabasamu.

"Ulinirekodi?"

"Jamani, wifi, ni ushuhuda! Nimeuweka mtandaoni, watu wanabarikiwa. Wanaandika amina mpaka basi."

"Afisa wa serikali alipokuja kanisani, akatuonya tusianike machozi ya mtu bila ridhaa yake, nani alipiga makofi kutushinda wote?"

Valeria akainamisha kichwa. Yeye aliyekula chungu kimoja na Dorkasi ndiye aliyemwinulia kisigino.

"Na huyo anayenijibu ni nani?" Dorkasi alinong'ona.

"Anayekujibu? Hakuna mtu." Valeria akaifungua video ili amwonyeshe, na ile sauti ilipopanda safari hii haikutoka kwenye simu bali ukutani, kisha chini ya kitanda, kisha ndani ya mtungi, huku maji yakitiririka mahali pasipo na maji na ile harufu ya tope ikiwakaba wote wawili hata wakashindwa kulitaja jina la Yesu.

Mwinjilisti Abraham wa kanisa lao, aliyeitwa na jirani, alifika mbio. Akamgeukia Valeria bila kupaza sauti.

"Toba kwanza, binti. Mlango ulioufungua kwa mkono wako, ufunge kwa mkono wako."

Valeria akaifuta video akilia. Wakaomba. Harufu ikaondoka, tumbo likapata joto, na mtoto akapiga teke.

"Nimekusamehe, wifi," Dorkasi alisema. "Lakini umeniua moyo."

Hakuwa amemaliza kufuta machozi alipoushika mkono wa Abraham. Tumbo lilikuwa likipoa tena.

"Nimeshaifuta!" Valeria alipiga kelele.

"Wewe umeifuta," Abraham alisema taratibu. "Na wale waliokwisha kuichukua kwenye simu zao?"

Mahali fulani, Karatu au ng'ambo ya bahari, mtu asiyemjua Dorkasi alikuwa ameibonyeza ile video, na sala ikaanza upya. Ndani ya tumbo mtoto akajigeuza polepole kuelekea bondeni, kama aliyesikia akiitwa.